Majirani wa Nakawa

Uganda ilipopata uhuru, tarehe 9 Oktoba 1962, upande wa mashariki wa Kampala ulikuwa na mitaa miwili ya nyumba za kupanga iliyopakana kando ya Barabara ya Jinja. Nakawa ilikuwa chini, Naguru juu kwenye mteremko wa kilima. Serikali ya kikoloni iliijenga mitaa hiyo baada ya Vita Kuu ya Pili ili wafanyakazi wa Kiafrika wapate pa kulala karibu na kazi zao. Nakawa ilikuwa na kodi nafuu. Naguru ilikuwa na nyumba nzuri zaidi, na aliyehama kutoka chini kwenda juu alihesabiwa kuwa amepanda cheo.

Waliopanga humo wengi hawakuwa wenyeji wa Buganda. Waluo na Waluhya kutoka Kenya walikuwa kundi kubwa, wakiishi ukuta kwa ukuta na Waacholi, Walango, Wateso, Watoro, Wanyoro na Wanyarwanda. Baganda wenyewe walikuwa wachache, kwa sababu Muganda aliyefanya kazi mjini aliweza kujenga au kupanga kwenye vijiji vilivyouzunguka mji, katika ardhi ya mailo iliyogawiwa kwa Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900. Hivyo Nakawa na Naguru zikawa makazi ya wageni katikati ya nchi ya Baganda.

Kati ya 1962 na 1964, mwanaanthropolojia Mwingereza David Parkin alifanya utafiti katika mitaa hiyo miwili. Alitaka kujua watu wa makabila mengi, walioletwa pamoja na kazi na orodha ya wapangaji, wanaishije siku hadi siku. Kitabu chake, Neighbours and Nationals in an African City Ward, kilitoka mwaka 1969. Majirani na raia: ndiyo maneno mawili aliyoyaweka kwenye jalada, na ndiyo yaliyoiandika historia ya Nakawa tangu siku hizo. Mtu huwa jirani kwa kuwa anaishi mlango wa pili. Huwa raia kwa kuwa karatasi ya serikali inasema hivyo. Mambo hayo mawili yanaweza kwenda pamoja kwa miaka mingi, kisha yakaachana kwa wiki moja.

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kuelezea kuishi pamoja bila ugomvi, na kila moja lina mahali pake. Utangamano ni neno la taifa. Kenya ilipotoka kwenye machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ilitunga sheria mwaka 2008 ikaunda Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Maridhiano ni neno la waliokwisha kugombana: Wazanzibari walilitumia Rais Amani Abeid Karume na kiongozi wa upinzani Maalim Seif Sharif Hamad walipokutana mwishoni mwa 2009, na mwaka uliofuata kura ya maoni ikafungua njia ya serikali ya umoja wa kitaifa. Kuishi pamoja kwa amani ni lugha ya mikutano ya dunia. Desemba 2017 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga tarehe 16 Mei kuwa siku ya kimataifa ya jambo hilo.

Ujirani mwema ni wa chini zaidi, na ndio unaotumika zaidi. Timu mbili za mtaani zikicheza bila kombe, mechi huitwa ya ujirani mwema. Shule ikifungua kisima chake kwa wanakijiji, ni ujirani mwema. Hata marais wanaukubali: Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, unataja katika kifungu cha 6 kuishi pamoja kwa amani na ujirani mwema miongoni mwa misingi ya Jumuiya.

Sifa ile ya pili, mwema, ndiyo inayobeba uzito. Ujirani wenyewe hauhitaji juhudi. Mwenye nyumba akikupa funguo umekwisha kuwa jirani wa watu usiowachagua. Wema wake ndio unaotengenezwa. Katika mafundisho ya Kiislamu yanayosimuliwa sana pwani, jirani huhesabiwa hadi nyumba arobaini kila upande, na kila mmoja ana haki zake. Muganda naye hulitaja jambo hilo kwa neno obuntubulamu. Ndani yake mna utu, adabu, huruma na kujua namna ya kukaa na watu, na mtoto hufundishwa hayo kuanzia kwenye salamu.

Salamu hizo zinasikika kila asubuhi katika tarafa ya Nakawa ya leo. Mtu anayepita na kumkuta mwingine anafagia, anafua au anachota maji hawezi kumpita kimya. Husema gyebale ko, akiongeza ssebo kwa mwanamume au nnyabo kwa mwanamke, na maana yake ni kumshukuru kwa kazi anayoifanya. Ua si la mpita njia, nguo si zake na maji hatayanywa yeye. Anashukuru hata hivyo, na aliyeinama juu ya beseni anainuka kidogo kuitikia. Mkenya aliyezoea "pole na kazi" huelewa upesi.

Lakini salamu peke yake haiwezi kuwashikilia watu wa lugha kumi. Nakawa ya miaka ya 1960 ilihitaji kwanza lugha ya kugombania na kupatania. Katika makala aliyochapisha mwaka 1971 kuhusu uchaguzi wa lugha katika mitaa hiyo miwili, Parkin alionyesha kwamba kila lugha ilikuja na msimamo wake. Luganda ilikuwa lugha ya wenyeji, na anayeitumia alikiri kwamba yuko kwao. Kiingereza kilikuwa na harufu ya shule na cheo. Kiswahili hakikuwa cha kabila lolote kati ya yaliyopanga pale. Mluo na Mtoro waliokizungumza walikutana katikati, kila mmoja akiwa ametoka hatua zilezile kutoka nyumbani kwake.

Ni vyema kulisisitiza hilo, maana Kiswahili kina sifa nyingine kabisa katika kumbukumbu za Waganda wengi. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na katika miaka ya utawala wake wananchi walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka kwa askari wenye bunduki. Watu waliokua nyakati hizo walikiogopa kwa sababu za kweli. Nakawa inazifahamu sura zote mbili za lugha hiyo. Ndani ya tarafa ya Nakawa mna kambi ya polisi ya Naguru, kambi ya jeshi ya Mbuya na gereza kuu la Luzira pamoja na makazi ya askari wake, na katika kambi hizo Kiswahili kimekuwa lugha ya kazi kwa vizazi. Humohumo watoto wa askari kutoka Arua, Gulu, Soroti na Mbarara wamekua wakikitumia kucheza mpira na kuazimana chumvi. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Watunga mitaala wakitaka kukirudishia heshima, historia ya wapangaji wa Nakawa itawafaa kuliko hotuba.

Nguzo ya pili ilikuwa msiba. Mfanyakazi wa Kiluo aliyefia Kampala alipaswa kuzikwa kwao, upande wa pili wa mpaka, na safari hiyo ilikuwa ghali kuliko mshahara wa mtu mmoja. Vyama vya ukoo na vya mahali pa asili, pamoja na Luo Union iliyotanda katika miji ya Afrika Mashariki, vilichangisha fedha za kuusafirisha mwili. Mtu angeweza kudhani vyama hivyo viliwatenga watu kikabila. Kwa namna fulani viliwatenga. Lakini viliwapa pia viongozi wanaojulikana, wa kwenda kuzungumza na viongozi wa upande mwingine kabla kisa cha watoto wawili hakijawa kisa cha makabila mawili.

Baganda walikuwa na bado wana amabugo. Zamani yalikuwa magome ya mti wa mutuba yaliyotwangwa kuwa kitambaa, yakiletwa kumfunika marehemu. Leo ni fedha za rambirambi. Katika vyumba vya kupanga vya Nakawa mchango huo umekwisha kuvuka kabila. Habari ya kifo ikifika, mtu anayeaminika hukaa na daftari, na kila anayetoa huandikwa jina na kiasi. Nje huwashwa moto, na wanaume huuzunguka hadi alfajiri, kwa sababu waliofiwa hawaachwi peke yao usiku. Wanawake huleta matoke, kuni na masufuria yao. Daftari lile hutunzwa. Siku jirani mwingine atakapofiwa litafunuliwa tena, na asiyekuwa na jina ndani yake atajua mwenyewe la kufanya. Vikundi vinavyoitwa munno mu kabi, yaani mwenzako wakati wa shida, vimelifanya jambo hilo kuwa la kudumu: wanachama huweka akiba kidogo kidogo, wakitegemea kwamba zamu ya kila mmoja itafika.

Mwaka 1970 uraia ulikuja kuukata ujirani. Miaka mitatu tu kabla yake, tarehe 6 Juni 1967, Jomo Kenyatta, Julius Nyerere na Milton Obote walikuwa wametia saini hapohapo Kampala mkataba ulioanzisha Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki. Mwishoni mwa 1970 serikali ya Obote iliamuru wafanyakazi wasio raia wasiokuwa na ujuzi maalumu waondolewe kazini. Wakenya kwa makumi ya maelfu, wengi wao Waluo, walifunga mizigo na kuelekea mpakani. Mitaa kama Nakawa ilipoteza watu waliokuwa wameishi humo tangu kabla ya uhuru.

Hakuna aliyefukuzwa kwa kuwa jirani mbaya. Parkin alikuwa ameiona dalili hiyo mapema: kadiri uhuru wa nchi hizi ulivyokaribia, ndivyo mpangaji wa Kikenya alivyoanza kujiuliza kama chumba chake kilikuwa chake kweli. Mwaka 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na Kampala ikapoteza majirani wengine. Historia hiyo inaonyesha udhaifu mkubwa wa ujirani mwema unaotegemea mioyo ya watu pekee. Mama aliyemlelea mwenzake mtoto hana uwezo wa kumlinda siku amri ya serikali inapotangazwa redioni. Kwa hiyo wema unahitaji sheria ya kuusimamia, na mahali pa kuufanyia.

Sheria ya aina hiyo ilianza kuchipuka baada ya Januari 1986, National Resistance Movement ilipochukua madaraka na kuunda mabaraza ya upinzani kuanzia ngazi ya kijiji. Chini ya Katiba ya 1995 yakawa mabaraza ya serikali za mitaa, na mpaka leo kila mkazi wa Kampala anayataja kwa herufi mbili na tarakimu: LC1. Mwenyekiti wa LC1 ndiye anayempa mpangaji mpya barua ya utambulisho, na ndiye anayegongewa mlango usiku watu wakipigana.

Kazi hiyo si ndogo katika nyumba zinazoitwa muzigo. Muzigo ni chumba kimoja katika safu ya vyumba vinavyotazama ua mmoja mwembamba, na kila familia huweka sigiri yake mlangoni. Bafu ni moja, choo ni kimoja, kamba za nguo zinapitana. Mara nyingi mita ya umeme wa Yaka, unaolipiwa kabla ya kutumika, nayo ni moja. Hapo ndipo kesi nyingi zinapoanzia. Mama mmoja ana balbu tu, wa pili ana friji ya kuuzia juisi, wa tatu anapiga pasi nguo za wateja, na malipo yanagawanywa sawa. Umeme ukikatika saa mbili usiku kwa kuwa salio limekwisha, kila mmoja anajua nani alimaliza. Waswahili husema vyombo vya kabatini havikosi kugongana. Ndani ya muzigo kabati lenyewe ni dogo.

Ugomvi kama huo ukishindikana kumalizwa uani, hufika kwa LC. Sheria ya Mahakama za Mabaraza ya Mitaa ya mwaka 2006 iliwapa viongozi hao uwezo ambao mahakama kubwa hazina mazoea nao. Miongoni mwa amri wanazoweza kutoa mna fidia na kurejesha mali, lakini mna pia upatanisho, onyo na kuomba radhi. Kuomba radhi kumeandikwa katika sheria ya nchi kama nafuu ambayo mlalamikaji anaweza kupewa! Mwenye friji anaweza kuamriwa amwombe msamaha mwenye balbu mbele ya wapangaji wenzao, kisha wakubaliane malipo mapya. Usiku huohuo watalala pande mbili za ukuta mmoja, kwa hiyo hukumu inayomwacha mmoja na uchungu haijamaliza kesi.

Mfumo huu una kasoro ambazo wakazi wanazifahamu vizuri. Baada ya mwaka 2001 uchaguzi wa LC1 haukufanyika tena hadi tarehe 10 Julai 2018, wapiga kura walipojipanga mstari nyuma ya wagombea wao. Miaka 17 ni mingi kwa mwamuzi kukaa bila kuulizwa. Na katika kujipanga mstari hadharani jirani anamwona jirani aliyemnyima kura.

Anayetaka kuona ujirani ukijengwa upya kutoka kwenye maumivu aende Banda, upande wa Kireka, kwenye makazi yanayojulikana kama Acholi Quarters. Wengi walifika hapo wakikimbia vita vya kaskazini vilivyoanza mwishoni mwa miaka ya 1980, vita ambavyo jeshi la Lord's Resistance Army la Joseph Kony lilivifanya kuwa jinamizi la watoto na wazazi. Walikuta kilima chenye mwamba, wakaanza kuuvunja. Mwanamke hukaa chini ya kivuli cha turubai na kugonga mawe kwa nyundo hadi yawe kokoto, kisha huzipima kwa jerikani na kuuza kwa wajenzi wa mji.

Wengine walijifunza kutengeneza shanga za karatasi. Kalenda kuukuu au ukurasa wa gazeti la rangi hukatwa vipande virefu vya pembetatu. Kila kipande huviringwa kwenye sindano kuanzia upande mpana, ncha ikagandishwa kwa gundi, kisha shanga zikatungwa, zikapakwa vanishi na kuanikwa. Ni kazi ya vidole inayoacha mdomo huru, na wanawake huifanya wakiwa wamekaa pamoja, wakizungumza. Wametoka katika jamii yenye mato oput, ibada ya kupatana ambamo ukoo wa aliyeua na ukoo wa aliyeuawa hunywa pamoja kinywaji cha mzizi mchungu. Kampala hawakupewa ibada. Walipewa wapangishaji, bei za sokoni na majirani wasioijua lugha yao. Wamejenga ujirani kwa akiba za vikundi, kwa kwaya za kanisani na kwa kuuza kokoto zilizojengea nyumba za watu wengine.

Mitaa ya zamani ya Nakawa na Naguru yenyewe haipo tena. Julai 2011 nyumba zilibomolewa ili kupisha mradi wa mji mpya wa kisasa uliokubaliwa mwaka 2007 kati ya serikali na mwekezaji. Familia zaidi ya 1,700 ziliondoka. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2013, lakini sehemu kubwa ya eneo iliendelea kuwa vichaka, na miaka kumi baada ya ubomoaji mgawanyo wa ardhi hiyo ulikuwa ukichunguzwa Bungeni. Katika mjadala huo zilihesabiwa ekari, hati na wawekezaji. Madaftari ya amabugo hayakuwa na safu katika hesabu hiyo, wala mabibi waliowaangalia watoto wa wanaokwenda kazini, wala fundi aliyekopesha kwa kuwa aliujua mlango wa mdaiwa wake. Familia zilitawanyika kila moja kivyake, na kila moja ikaanza upya kuwa ngeni mahali fulani.

Uwezo huo wa kuanza upya ni mkubwa, na Kampala iliuonyesha mwaka 2020. Wakati wa amri ya kutotoka nje kwa sababu ya korona, Rais Yoweri Museveni aliwaagiza wauza vyakula walale masokoni badala ya kurudi nyumbani. Watu waliozoeana mchana kama washindani wa bei walitandika magunia na vyandarua kati ya meza zao, wakapangiana zamu za kuoga na kulinda mali. Walilipa gharama kubwa ya kuwa mbali na watoto wao, na mji ukala.

Leo sehemu nyingine za tarafa ya Nakawa zinapanda juu. Ghorofa za Bugolobi zina umri wa miongo kadhaa, na Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2001 imewawezesha Waganda kumiliki fleti mojamoja huku ngazi, paa na ua vikibaki mali ya wote, chini ya chombo ambacho kila mwenye fleti ni mwanachama wake. Ni hatua nzuri, kwa sababu inawapa majirani haki ambazo wapangaji wa 1962 hawakuwa nazo: hakuna anayeweza kuondolewa kwa kuwa kazi yake imekwisha. Chombo hichohicho kingeweza kufanya zaidi ya kukusanya fedha za kupaka rangi. Kingeweza kuwa na mfuko wa msiba, na kumkaribisha mpangaji wa muda kwenye kikao pamoja na mwenye hati.

Na mamlaka ya jiji, itakapolazimika tena kuhamisha mtaa mzima, ina njia iliyo wazi ya kupunguza hasara: iwahamishe watu kwa makundi, safu kwa safu, na vikundi vyao vya akiba, mwenyekiti wao na daftari lao. Wakazi wa Nakawa ya zamani waliahidiwa kupewa kipaumbele katika nyumba mpya. Ahadi hiyo ingekuwa na thamani zaidi kama ingewahesabu kama majirani pia, kwa kuwa walichokuwa nacho kilikuwa kimejengwa baina yao kwa miaka zaidi ya hamsini, na hakuna mkandarasi anayeweza kukileta pamoja na saruji.